Usingizi wa Saa Nane

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wazee wa Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa



 Katibu alipokisoma kichwa cha hotuba hii, nilisikia kicheko upande wa nyuma wa ukumbi. Sikuudhika hata kidogo. Katika mikutano iliyopita watu wamesimama mahali hapa wakasema habari za karo za shule, za mazishi, za kuweka na kukopa, na za usafi wa mitaa yetu, na kila moja ya habari hizo ilisikilizwa kwa makini. Habari ya usingizi wa mchana yaonekana kuwa jambo la mzaha. Nawaomba mnivumilie, maana jambo hili huwapotezea watu kazi, na vidole, na pengine uhai. Tena mimi mwenyewe nina deni katika habari hii, nami nimekuja kulikiri mbele yenu.

Kila mmoja wetu aijua saa ninayoisema. Asubuhi mtu amekwenda kazini ana nguvu zake. Saa 7 amekula chakula chake, ugali na sukuma wiki kwa mama wa kibandani, au wali na maharagwe aliofungiwa nyumbani. Saa 8 amerudi mahali pake. Joto limejaa chini ya mabati, feni yazunguka polepole, na herufi zilizo mbele yake zaanza kutembea kama siafu. Kichwa chainama, chainuka, chainama tena. Karani husoma mstari mmoja mara tatu asiuelewe. Dereva aliye katika njia ya kwenda Voi, iliyonyooka mbele yake chini ya jua, hushtuka akaona gurudumu lake limekwisha kutoka kwenye lami.

Nasi tuna neno jepesi la kumwita mtu huyo. Twamwita mvivu.

Nilipokuwa nyapara katika karakana moja ya useremala, ambayo sitaitaja jina, palikuwa na fundi kijana chini yangu, mwepesi wa mkono na msikivu, ambaye kazi yake ya asubuhi haikuwa na dosari. Lakini kila ilipopita saa 8 nilimkuta amesinzia, mara ameegemea rundo la mbao, mara amesimama mbele ya msumeno wa mashine huku macho yake yamefumba nusu. Nikamwandikia onyo la kwanza. Nikamwandikia la pili. Mara ya tatu nikapeleka jina lake ofisini, na jioni ile akapewa mshahara wake wa mwisho. Wakubwa wakanisifu kwa kuwa mtu wa nidhamu, nami nikaenda nyumbani nimeridhika.

Ulipita mwaka mmoja na zaidi. Siku moja nilikutana naye kwenye kituo cha mabasi. Alinisalimu kwa adabu, “Shikamoo, mzee,” kana kwamba sikumtendea lolote. Tukasimama tukizungumza, nami nikamwuliza, kwa kiburi cha mtu anayetaka kutoa mawaidha, kama siku hizi ameacha kulala kazini. Akanieleza kwa upole ya kwamba wakati ule mtoto wake wa kwanza alikuwa mgonjwa wa kifua. Yeye na mkewe walikesha kwa zamu, na zamu yake ilikuwa tangu usiku wa manane hadi alfajiri. Kisha alitoka kwa miguu kuja kazini, ili nauli ibaki ya kununulia dawa. Nikamwambia, “Mbona hukuniambia, mwanangu?” Akasema, “Mzee, hukuniuliza.”

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na ujinga wangu uliandikwa kwa wino katika karatasi tatu zilizotiwa sahihi yangu. Nilimwomba radhi kijana yule, naye akasema yamepita. Lakini miezi aliyokaa bila mshahara, mtoto yu mgonjwa nyumbani, haikuwa yangu mimi kusema imepita.

Kuna jambo la pili, ambalo ni chungu zaidi kulisema. Katika miezi ile ile niliyokuwa nikimwandikia maonyo, mimi mwenyewe nilikuwa nikisinzia. Lakini nyapara alikuwa na chumba kidogo chenye mlango. Baada ya chakula niliufunga mlango, nikaweka daftari mbele yangu na kalamu mkononi, nikalala robo saa, wala hakuna aliyeniandikia. Siku moja nilipiga hesabu ya mbao hali macho yangu yamekwisha kulegea, nikaagiza futi mara kumi ya zile zilizotakiwa, na kosa lile likasahihishwa kimya kimya. Basi katika karakana yetu mvivu na mtu wa heshima walitofautiana kwa mlango tu.

Baada ya hayo nilianza kusoma na kuwauliza wenye elimu ya mwili wa binadamu, nami nataka niwagawie niliyojifunza.

Wengi wetu twaamini ya kuwa usingizi wa mchana waletwa na chakula peke yake. Twasema damu yote imeshuka tumboni na ubongo umebaki mtupu. Sivyo. Ni kweli kwamba damu huzidi kwenda tumboni wakati chakula kinaposagwa, lakini mwili huulinda ubongo, nao hupata damu yake kama desturi. Wataalamu wamewaweka watu katika vyumba visivyoonyesha saa wala mwanga wa nje, wakawalisha kidogo kidogo kwa vipindi vilivyo sawa usiku na mchana, na hata hivyo ulegevu wa baada ya adhuhuri ulionekana. Nasi hapa pwani tuna ushahidi wetu. Katika mwezi wa Ramadhani mtu hajatia tonge kinywani tangu alfajiri, na bado ikifika saa 8 macho yake ni mazito. Kweli, kuamka kula daku nako kuna sehemu yake katika uzito huo, lakini chakula cha mchana hakiwezi kushtakiwa kwa kosa lililotendeka hali hakipo.

Mwaka 1982 mtaalamu mmoja wa Zurich, Uswisi, jina lake Alexander Borbély, alieleza ya kuwa usingizi wetu waongozwa na nguvu mbili. Nguvu ya kwanza ni kama mzigo. Tangu mtu afumbuapo macho asubuhi, uchovu wa ubongo huanza kukusanyika, na mojawapo ya vitu vinavyokusanyika humo ni kitu kiitwacho adenosini. Haba na haba hujaza kibaba, na kadiri kibaba kinavyojaa ndivyo hamu ya kulala inavyozidi. Tukilala usiku, kibaba humwagwa.

Nguvu ya pili ni saa iliyo mwilini. Ndani ya ubongo, juu ya mahali pale zinapokutana neva za macho mawili, pana sehemu ndogo sana yenye chembe zipatazo 20,000, nayo ndiyo inayopanga nyakati za mwili: wakati wa joto la mwili kupanda na kushuka, wakati wa kuwa macho na wakati wa kulala. Mwanga wa jua ndio unaoirekebisha kila siku. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za uhai, nao walijifunza hayo kwa kuwachunguza inzi wadogo wanaopenda matunda.

Sasa tuziweke nguvu hizo mbili pamoja. Asubuhi mzigo ni mwepesi, kwa hiyo mtu yu macho bila taabu. Jioni mzigo ni mzito, lakini saa ya mwilini nayo imepaza sauti yake ya kutuamsha, kwa hiyo twaweza kustahimili. Katikati ya hapo, baina ya saa 7 na saa 10 mchana, mzigo umekwisha kuongezeka na sauti ile haijapanda ipasavyo. Hilo ndilo bonde ambamo kila mmoja wetu hupita, tajiri na maskini, hodari na mzembe. Ndiyo maana kijana aliyekuwa akisinzia saa 8 aweza kuonekana uwanjani saa 11 akipiga mpira kwa nguvu, na nyapara akasema, “Tazama, usingizi wake ulikuwa wa uongo!” Haukuwa wa uongo. Alikuwa amekwisha kutoka bondeni.

Basi chakula hakina hatia? Kina sehemu yake. Chakula hakiumbi bonde lile, lakini hulizidisha kina. Wengi wetu hutoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, tukashinda na njaa hadi saa 7, kisha tukajaza mlima wa ugali au sahani ya wali wa mafuta kwa pupa. Chakula kikubwa chenye mafuta mengi huleta ulegevu zaidi kuliko chakula cha kadiri. Na mtu anayeongezea pombe wakati wa mchana ajue ya kuwa kiasi ambacho jioni hakimwelemei chaweza kumwangusha saa 8, kwa sababu chamkuta bondeni.

Lakini lililo kubwa kuliko chakula ni deni la usiku. Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi wa Marekani vilikata shauri pamoja ya kuwa mtu mzima apaswa kulala saa 7 au zaidi kila usiku ili awe na afya. Nawaomba kila mmoja ajihesabie kimoyomoyo alilala saa ngapi usiku wa jana. Wako kati yetu wanaoamka saa 10 za alfajiri ili wawahi feri ya Likoni kabla ya msongamano. Wako wanaofanya kazi mbili, mchana ofisini na usiku ulinzi. Wako akina mama wanaolala wa mwisho na kuamka wa kwanza, kisha wakaenda kushinda dukani au sokoni. Watu hawa siwalaumu. Lakini wako pia wanaolala na simu usoni hadi saa 7 za usiku, wakicheka na watu wasiowajua, na asubuhi wakasema kazi ya mwajiri imewachosha. Hao nawalaumu kwa upendo, maana deni hilo wamelikopa wenyewe.

Tena pana usingizi ambao si wa kawaida. Mtu akiwa alala vya kutosha usiku na bado mchana kutwa asinzia, asingoje kuonywa. Aende kwa daktari. Huenda damu yake ni pungufu. Huenda ana ugonjwa wa kisukari. Huenda akoroma sana na pumzi yake hukatika mara nyingi usiku, mke husikia lakini mwenyewe hajui, na kila pumzi inapokatika usingizi wake huvunjika. Huenda anywa dawa za mafua au za kujikuna, ambazo baadhi yake huleta usingizi. Wazee wetu wakimwona mtu wa namna hii walihofu malale, ule ugonjwa uletwao na mbung'o. Twamshukuru Mungu kwamba mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa Kenya imeushinda ugonjwa huo usiwe tena tatizo la afya ya umma. Magonjwa niliyoyataja kwanza bado yako nasi, na hospitali ndiyo mahali pa kuyapeleka.

Wanachama wenzangu, sasa nije kwenye dawa. Nitazitaja kwa mpango, na kila mmoja achukue inayomfaa.

Kwanza ni usiku. Hakuna hila ya mchana inayoweza kulipa deni la usiku likiwa kubwa. Mwenye uwezo wa kulala mapema na alale mapema, tena saa ile ile kila siku, maana saa ya mwilini haipendi kuchezewa.

Pili ni chakula. Kula kitu asubuhi, hata kama ni viazi vitamu au mkate kidogo. Mchana punguza mlima, ongeza mboga na maharagwe, na unywe maji ya kutosha, hasa sisi tunaotoka jasho katika joto hili.

Tatu ni mwanga na miguu. Ukimaliza kula usikae hapo hapo. Tembea dakika 10 mahali penye mwanga wa mchana, hata kama ni kuzunguka jengo moja. Mwanga na mwendo huuamsha mwili.

Nne ni mpango wa kazi. Mwenye mamlaka juu ya kazi yake na aweke hesabu na maandishi magumu asubuhi, na saa 8 ajipangie kazi ya kusimama, kutembea, au kuzungumza na watu. Mikutano mirefu ya kusikiliza tu isiwekwe saa 8. Nadhani Bwana Mwenyekiti amenielewa, kwa kuwa sasa ni saa 4 asubuhi, nami nilimwomba hivyo kwa makusudi.

Tano ni kahawa na chai. Kitu kilichomo katika kahawa, kafeini, huizuia adenosini isishike mahali pake katika ubongo. Hakiuondoi mzigo, bali huuficha kwa muda. Huchukua kama nusu saa kufika nguvu yake, na baada ya saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini. Kwa hiyo kikombe cha kahawa chungu saa 7 na nusu chafaa, lakini kikombe cha saa 11 jioni chaweza kukuibia usiku, na kesho ukarudi bondeni na mzigo mzito zaidi. Hali kadhalika nawaonya vijana wetu juu ya miraa na muguka. Wengi huzitafuna saa 8 ili wakeshe macho, kisha usiku hujigeuza kitandani hadi jogoo awike. Huko ni kukopa kwa mtu mmoja ili kumlipa mwingine, na riba huzidi kila siku.

Sita ndiyo dawa yenyewe, nayo ndiyo tunayoionea haya: ni kulala kidogo. Nasema kidogo. Mwaka 2006 Amber Brooks na Leon Lack, wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Australia, waliwapima watu waliolala usiku mfupi, wakawaacha walale mchana kwa dakika 5, 10, 20 au 30. Waliolala dakika 10 waliamka wepesi mara moja, na faida yao ikadumu kwa zaidi ya saa 2. Waliolala dakika 30 walipata faida pia, lakini kwanza waliamka wazito na wenye bumbuazi. Sababu ni kwamba mtu akiachwa alale kwa muda mrefu huzama katika usingizi mzito, na kumtoa humo ni kazi. Basi dakika 10 hadi 20 zatosha, tena kabla ya saa 9, ili usiku usiharibike.

Na asidhani mtu ya kuwa hili ni jambo la wavivu. Mwaka 1994 shirika la Marekani la mambo ya anga, NASA, lilitoa taarifa ya uchunguzi wa marubani wa safari ndefu za kuvuka bahari ya Pasifiki. Rubani mmoja alipewa nafasi ya kupumzika dakika 40 kitini mwake huku wenzake wakiongoza ndege, na kwa wastani alilala dakika 26. Waliopumzika hivyo walikuwa macho zaidi wakati wa kutua kuliko wale walionyimwa nafasi hiyo. Ikiwa rubani mwenye roho za abiria mikononi mwake aruhusiwa kujaribiwa hivyo, je, seremala mwenye msumeno mbele yake?

Madereva mlio hapa, naomba mnisikilize kwa namna ya pekee. Wengi hufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio wakidhani wameufukuza usingizi. Louise Reyner na Jim Horne, wa Loughborough, Uingereza, walilipima jambo hilo, nao mwaka 1998 wakaeleza ya kuwa upepo na redio husaidia kidogo tu, tena kwa muda mfupi mno. Mwaka mmoja kabla ya hapo watu hao hao walikuwa wamekwisha kuonyesha lililo bora: dereva asimame mahali pa salama, anywe kahawa, kisha alale usingizi mfupi usiozidi robo saa. Kahawa huanza kufanya kazi wakati ule ule anapoamka. Bwana mwenye gari akiuliza kwa nini umechelewa robo saa, mjibu ya kuwa mzigo umefika na gari limefika nawe umefika.

Wako watakaosema ya kuwa haya ni mambo ya kigeni. Nasema ni mambo yetu, tuliyoyasahau. Mkulima wetu aliingia shambani alfajiri, na jua lilipofika utosini aliweka jembe akajinyosha chini ya mwembe, kisha akarudi shambani jua lilipopunga. Hapa Mji wa Kale, na kule Lamu, wafanyabiashara wengi walifunga milango baada ya sala ya adhuhuri, wakafungua tena alasiri, na Waislamu wanalo jina la mapumziko hayo, kailula. Hakuna aliyewaita watu hao wavivu. Kazi ya kengele na saa ya ukutani ilienea kwetu pamoja na reli, iliyoanza kujengwa kutoka hapa Mombasa mwaka 1896, na pamoja na bandari na viwanda. Kengele ina faida zake, wala sisemi tuivunje. Nasema tu ya kuwa kengele haikuubadili mwili wa binadamu.

Sasa neno kwa wale walio na watu chini yao, maana najua wako wengi katika ukumbi huu: manyapara, makarani wakuu, na wenye maduka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri ahakikishe usalama na afya ya wafanyakazi wake, na yamwagiza mfanyakazi naye ajitunze na asiwahatarishe wenzake. Mtu anayesinzia mbele ya mashine ni hatari, wala sisemi aachwe hapo. Mwondoe mashineni mara moja. Lakini kabla hujashika kalamu, mwulize maneno matatu: umelala saa ngapi, umekula nini, na nyumbani kuna nini. Maswali hayo huchukua dakika 5. Barua yangu ya onyo ilichukua dakika 10 kuandikwa, na haikumwamsha mtu yeyote. Akionekana mzembe kweli, sheria ipo na ifuatwe. Akionekana mwenye shida, huenda kumbadilishia kazi za saa 8 kwa wiki chache kukamwokoa yeye, na kidole chake, na jina lako.

Na wewe mfanyakazi, usingoje kuulizwa kama alivyongoja kijana wangu. Sema mapema. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwambie mkubwa wako siku ya kwanza, si siku ya barua ya tatu. Na kama waogopa kusema peke yako, ndiyo sababu Chama hiki kipo; njoo kwa Katibu, naye atafuatana nawe.

Bwana Mwenyekiti, sitaki hotuba hii ibaki karatasi tu katika kitabu cha taarifa yetu. Natoa shauri mbele ya mkutano huu. Ukumbi huu tulioketi ndani yake hufungwa mchana, tangu saa 4, akina mama wa darasa la ushoni wanapoondoka, hadi jioni. Naomba ufunguliwe siku za kazi tangu saa 7 hadi saa 8 na robo kwa wanachama wanaofanya kazi karibu. Tutandike mikeka upande wa kaskazini, ambako upepo hupita. Awepo mzee mmoja wa zamu mwenye saa, na kila anayeingia aandike jina lake na wakati atakaoamshwa. Kila mtu aamshwe baada ya dakika 20 bila upendeleo. Pasiwe na redio, wala karata, wala mazungumzo ya siasa. Gharama ni mikeka na mtungi wa maji. Zamu ya kwanza nitaishika mimi mwenyewe, kwa kuwa nimestaafu na deni langu sijalimaliza.

Wapo wajumbe wa Halmashauri walioniambia ya kuwa watu watatucheka, wakasema Chama cha Ustawi kimegeuka chumba cha kulala. Na wacheke. Chama hiki kimewazika watu wetu kwa heshima, na kwa hilo tumesifiwa. Mimi naona si haya kumpa mtu mkeka kwa dakika 20 hali yu hai, ili tusije tukamchangia sanda kwa sababu alisinzia kwenye usukani.

 Naomba shauri hili lipigiwe kura kabla hatujakwenda kula.